Sinki Limeziba na Umeshamwaga Kila Kitu? Mwongozo Kamili wa Kulizibua Mwenyewe

Swali ni lilelile kila siku. "Nimemwaga maji ya moto, nimemwaga siki, nimemwaga na ile dawa ya unga, maji bado yamesimama tu, nifanyeje?" Nikiuliza kama amefungua kule chini ya sinki, kimya. Halafu: "kwani pale panafunguka?"

Panafunguka. Na mara nyingi uchafu umekaa palepale, kwenye ile kona ya bomba chini ya sinki, sehemu ambayo mkono wako unafika kabisa, ila watu wanahangaika kumwaga vitu kutokea juu wakitegemea uchafu uyeyuke wenyewe. Donge la mafuta yaliyoganda limechanganyika na mabaki ya chakula, au kamba ya nywele nene kama kidole, haliyeyuki kirahisi hivyo. Inabidi lisukumwe au livutwe. Ndo habari yote hiyo, kilichobaki ni kujua unasukumaje na unavutaje bila kulowesha nyumba nzima.

## Vitu vya kuandaa

Viweke vyote karibu kabla hujaanza, maana ukishafungua bomba huwezi tena kuondoka kwenda kutafuta kitambaa.

- Ndoo au beseni fupi linaloingia chini ya sinki (pima kwanza, ndoo ndefu haiingii)
- Kikombe au kopo la kuchotea maji
- Matambara matatu au manne, moja liwe kavu kabisa
- Plunja, ile ya mpira yenye mpini. Kama huna, chupa ya plastiki laini ya lita 1.5
- Glavu za mpira
- Tochi, au simu yenye taa
- Mswaki wa zamani
- Waya wa hanga ulionyooshwa, ncha moja ikunje iwe kandoana kadogo
- Plaizi au spana kubwa, kwa ajili ya nati ngumu tu
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo
- Karatasi laini za chooni, hizi za kupimia kama panavuja

## Kwanza jua limeziba wapi

Fungua maji sehemu nyingine ya nyumba. Kama bafu na choo vinapitisha vizuri na sinki moja tu ndo limegoma, tatizo liko kwenye sinki hilo na mwongozo huu ni wako. Lakini ukimwaga maji chooni halafu sinki linabwabwaja, au maji machafu yanapanda kutokea kwenye tundu la bafu, usipoteze nguvu zako hapo jikoni. Kilichoziba ni njia kuu au chemba ya nje, plunja ya jikoni haifiki huko. Hapo kafungue chemba uangalie au ita fundi.

Angalia pia lilivyoanza. Kama lilikuwa linapitisha polepole kwa wiki kadhaa kabla halijasimama, hayo ni mafuta au nywele zilizojikusanya. Kama liliziba ghafla mchana mmoja, kuna kitu kimeingia, kifuniko, kipande cha sponji, kijiko cha mtoto, na hapo maji ya moto hayatasaidia chochote, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4.

## Umeshamwaga dawa? Soma hapa kabla hujaendelea

Dawa nyingi za kuzibulia zina kostiki soda. Ile kitu inachoma ngozi na inaweza kumtia mtu upofu, sitanii. Kama umeshaimwaga na maji bado yamesimama, maana yake una sinki limejaa maji yanayounguza. Usipige plunja, itakurukia usoni. Usifungue bomba la chini pia, itakumwagikia. Mengine hukaa kimya ndani ya kona ya bomba yakikusubiri, hata kama juu pameonekana kukauka. Ukilazimika kuendelea, soma maelekezo ya pakiti yenyewe, na ukimwita fundi mwambie wazi ulichomwaga na lini. Ikikurukia, mwagia maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kama ni jichoni fanya hivyohivyo kisha nenda hospitali.

Lingine: usichanganye dawa. Blichi ya kung'arishia nguo ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, ikikutana na dawa zenye amonia inatoa gesi nyingine mbaya vilevile, na jikoni kwa watu wengi ni padogo, dirisha moja.

Na ile ya soda ya kuokea na siki inayopendwa sana? Kiukweli povu lile ni sinema. Soda na siki vikikutana vinamalizana vyenyewe, unabaki na maji, chumvi fulani na gesi ileile ya kwenye vinywaji vyenye povu, na gesi ikishatoka inapanda juu kwenye uwazi, haina sababu ya kwenda kusukuma donge chini. Kwa harufu inasaidia kidogo. Kwa sinki lililosimama, unajifurahisha tu.

## Hatua ya 1: Toa maji yaliyosimama

Chota kwa kikombe uweke kwenye ndoo, kamwage chooni. Ila kama unaruka hatua ya 2 na kwenda moja kwa moja kwenye plunja, usiyamalize yote, bakiza kiasi cha kufunika ule mpira wake.

Kwa nini uchote? Kwa sababu maji ya moto ukiyamwaga juu ya sinki lililojaa maji ya baridi hayafiki kwenye mafuta yakiwa moto, yanapoa njiani. Hapa ndo wengi wanafeli bila kujua, wanamwaga birika zima halafu wanasema maji ya moto hayafanyi kazi.

Funga kitambaa kwenye koki pia. Ni alama kwa wengine ndani ya nyumba kwamba isifunguliwe. Utaona umuhimu wake ukiwa umelala chini ya sinki bomba likiwa wazi halafu mtu anakuja kunawa mikono.

## Hatua ya 2: Maji ya moto na sabuni (kwa mafuta tu)

Mimina sabuni ya maji kama vijiko vitatu vya chakula moja kwa moja kwenye tundu. Iache dakika tano.

Sasa maji. Yasiwe yanachemka. Mabomba mengi ya kisasa ni ya plastiki, PVC, na hayo hayajatengenezwa kubeba maji ya zaidi ya nyuzi 60 hivi, ukimimina yanayotokota unalainisha maungio na baadaye yanaanza kuvuja, na sinki la udongo linaweza kupata ufa. Huna kipimajoto? Changanya lita moja inayochemka na lita moja ya bombani, unapata kama nyuzi 60 na kidogo kwenye mchanganyiko, na yakishagusa sinki yanashuka hapohapo. Inatosha kulainisha mafuta.

Mimina taratibu, subiri, mimina tena. Mara mbili, tatu.

Ikifanikiwa: utasikia mlio wa kunyonya na maji yataanza kuzunguka pale kwenye tundu. Rudia mara moja zaidi ili mafuta yaliyolainika yasiende kuganda mbele kidogo. Kama hakuna mabadiliko baada ya mara tatu, acha. Lita ishirini nyingine hazitabadilisha kitu.

## Hatua ya 3: Plunja, na lile tundu watu wanalisahau

Angalia ukutani mwa sinki lako, kwa juu. Kwenye masinki mengi kuna kitundu, au vitundu vitatu vidogo, vya kuzuia maji yasifurike. Kitundu hicho kimeunganishwa na bomba lilelile la chini. Ukipiga plunja kikiwa wazi, hewa yote inatokea hapo, wewe unatoa jasho na donge halisikii chochote. Nimekutana na watu wamepiga plunja nusu saa nzima, mikono imevimba, kitundu kiko wazi kinawatazama.

Kwa hiyo: loweka kitambaa, kikamue, kisokomeze kwenye kitundu hicho, mtu mwingine akishikilie kwa nguvu. Kama sinki lako ni la mabakuli mawili, ziba na tundu la bakuli la pili vilevile. Na kama mashine ya kuosha vyombo imeungwa kwenye bomba hilo, bana mpira wake kwanza, la sivyo unaisukumia uchafu.

Maji yafunike mpira wa plunja. Paka mafuta ya kujipaka kidogo kwenye ukingo wa mpira, inashika vizuri zaidi. Ingiza plunja kwa kuilaza ili hewa itoke, kisha iweke wima juu ya tundu.

Sukuma ya kwanza iwe ya polepole. Baada ya hapo piga mfululizo mara 15 mpaka 20, juu chini juu chini, bila kuachia ukingo wa mpira. Kuvuta kuna kazi kubwa sawa na kusukuma, kwa sababu donge likichezeshwa huku na huku ndo linaachia, ukisukuma upande mmoja tu unaweza hata kulikaza zaidi. Ya mwisho ivute kwa nguvu uitoe kabisa.

Huna plunja? Jaza ile chupa maji ya uvuguvugu, zungushia kitambaa kilicholowa shingoni, igeuze haraka uisokomeze kwenye tundu, kisha minya chupa kwa ghafla kwa mikono miwili. Siyo nzuri kama plunja ila kwa sinki dogo la kunawia nimeona inatoa. Maji yasiwe ya moto sana, chupa itasinyaa mkononi.

Ikifanikiwa: maji yanashuka ghafla na kuacha uchafu mweusi pembeni. Uchafu huo utoe, usiusukumie tena ndani. Raundi nne bila kitu? Twende chini.

## Hatua ya 4: Fungua trapu

Hii ndo yenyewe.

Trapu ni ile sehemu ya bomba iliyopinda kama herufi U, au iliyokaa kama kikopo kinachoning'inia. Imewekwa makusudi ili ibaki na maji ndani, sentimita 5 mpaka 7 hivi, maji hayo yanazuia harufu ya maji taka isipande ndani ya nyumba. Na kwa sababu ndo sehemu ya chini kabisa, kila kizito kinatua hapo. Pete iliyodondoka pia iko hapo, usiikatie tamaa.

Toa kila kitu kilichopo chini ya sinki. Chukua picha ya bomba kwa simu kabla hujagusa chochote, kutoka mbele na kutoka pembeni. Weka beseni chini ya trapu, tandika matambara kuzunguka.

Ya kikopo: shika kikopo chenyewe kwa chini, zungusha, kinatoka. Ya U: kuna nati mbili kubwa za plastiki, moja kila upande.

Sasa upande wa kuzungusha, hapa watu wanachanganyikiwa kwa sababu umelala chali na nati nyingine inatazama juu, nyingine chini, nyingine ukutani. Kanuni ni moja: jiulize nati ikilegea itaelekea wapi, kisha jifanye unaitazama ukiwa upande huo, kutoka hapo zungusha kinyume na mshale wa saa. Jaribu kwa mkono kwanza. Ikigoma, funga kitambaa ndo uibane na plaizi, taratibu, maana nati ya plastiki ya miaka mingi inapasuka kama biskuti.

Legeza kidogo, maji yaanze kuchirizika kwenye beseni. Acha yaishe. Ndo uendelee mpaka mwisho. Ukitoa nati, angalia kuna pete ya mpira ndani yake, hiyo inaitwa washa. Angalia imekaaje, upande mwembamba uko wapi. Piga picha nayo.

Toa trapu. Utakutana na tope la kijivu linalonuka vibaya, hiyo ni kawaida, usikimbie. Kokoa kwa waya na mswaki, isuuze kwa maji ya sabuni.

Onyo la mtu aliyeumbuka: mara yangu ya kwanza nilifungua vizuri, nikasafisha vizuri, nikajisifu, nikanyanyua lile beseni la maji machafu na nikayamwaga... kwenye sinki. Sinki ambalo halina bomba chini. Yote yakatua miguuni kwangu na kwenye mifuko niliyokuwa nimeisogeza pembeni. Trapu yenyewe pia usiisuuzie kwenye sinki hilo. Nenda nayo bafuni.

Ikifanikiwa: ukiinua trapu kwenye mwanga unaona upande wa pili. Kama ilikuwa imejaa, umemaliza kazi kubwa, nenda hatua ya 6. Kama ulikuta ni safi tangu mwanzo, basi kilichoziba kiko mbele, ukutani.

## Hatua ya 5: Bomba la ukutani

Mulika ndani kwa tochi. Ingiza waya wa hanga upande wenye ndoano, huku unauzungusha, siyo kuuchoma tu kama mkuki. Ukigonga kitu kigumu kisichosogea hata kidogo hiyo ni kona ya bomba, zungusha waya upite. Ukigonga kitu kinachobonyea na kurudi kama mpira, hilo ndo donge. Zungusha hapo mara kadhaa likamate, halafu vuta. Usilisukume mbele, mbele huna mkono.

Hanga inafika kama mita moja. Zaidi ya hapo unahitaji springi ya fundi, ile ndefu yenye mpini wa kuzungushia, hata ya kuazima inatosha. Mwendo ni uleule.

## Hatua ya 6: Rudisha

Safisha meno ya nati na sehemu inapokaa washa, punje moja ya mchanga inatosha kuleta uvujaji. Washa ikiwa imepasuka au imekuwa ngumu kama gamba, badilisha, nenda na ya zamani dukani ukalinganishe.

Washa yenye upande mwembamba: upande huo unatazama kule inakokwenda kujibana, siyo kwenye nati. Ukigeuza itavuja hata ukaze vipi.

Na jamani, tepi nyeupe ya mafundi haihitajiki kwenye nati hizi. Tepi inaziba kwenye meno, hapa kinachoziba ni mpira. Ukizungusha tepi nyingi nati haifiki mwisho na unajitengenezea uvujaji mwenyewe.

Anzisha nati zote kwa mkono kwanza bila kukaza yoyote, panga bomba likae sawa kama kwenye picha, ndo ukaze moja baada ya nyingine. Nati ikianza kwenda ngumu mapema na imekaa upande, imepanda meno vibaya, itoe uanze upya. Kaza kwa mkono hadi mwisho, kisha robo mzunguko kwa plaizi. Robo, basi.

## Hatua ya 7: Jaribio

Usifungue koki kidogo ukaridhika. Ziba tundu, jaza sinki hadi nusu, kisha achia yote kwa mkupuo. Uzito wa maji mengi ndo unaonyesha panapovuja.

Yakiwa yanashuka, pitisha karatasi kavu kuzunguka kila nati. Jicho haliwezi kuona tone dogo kwenye plastiki nyeupe, karatasi inaliona. Ikilowa, kaza kidogo zaidi, ikiendelea fungua uangalie washa. Tandika karatasi kavu chini ya trapu ulale nayo, asubuhi ikague.

Ikifanikiwa: maji yanashuka yakizunguka kama kimbunga kidogo, nusu sinki haimalizi dakika moja, mwishoni unasikia mnyonyo, na karatasi ni kavu.

## Sinki la kunawia lina mambo yake

Hapo adui ni nywele na mabaki ya sabuni, na mara nyingi hata trapu haina kosa, nywele zimejifunga kwenye kile kifuniko cha kupandisha na kushusha. Kichomoe kwanza. Vingine vinatoka kwa kuzungusha na kuvuta, vingine vimeshikwa na kifimbo nyuma chini ya sinki ambacho lazima ukifungue.

Kisha chukua ule mkanda mgumu wa plastiki unaofungia maboksi, kata kama nusu mita, kwa kisu au mkasi weka vikato vya mshazari pembeni pande zote mbili, meno yatazame juu kwako. Uingize, uzungushe, uvute. Kinachotoka siwezi kukielezea ukiwa unakula. Mkanda tupa, usiuoshe.

## Linapitisha lakini linanuka

Kama ni sinki lisilotumika, maji ya kwenye trapu yamekauka, mimina kikombe kimoja tu harufu inakata. Ukisafiri muda mrefu, baada ya maji hayo weka kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake, yanaelea na kuchelewesha kukauka.

Kama linatumika kila siku na bado linanuka, sugua kwa mswaki na sabuni kile kitundu cha juu cha kuzuia mafuriko, ndani kwa ndani mpaka mswaki unapofika. Hakuna anayekisafisha, na utelezi wa ndani yake umekaa hapo tangu sinki lifungwe.